Mashindano ya magemu ya hovyo ya Sinclair: ubovu nao una viwango

Mwaka 1983 kampuni ya Cascade Games ya Harrogate, Uingereza, ilitoa kaseti iliyoitwa Cassette 50: magemu 50 kwenye kaseti moja, bei pauni 9.99. Piga hesabu, kila gemu ni chini kidogo ya peni 20. Matangazo yake yalijaa kwenye magazeti ya kompyuta ya wakati ule, na baadaye mnunuzi akawa anaongezewa saa ya mkononi yenye kikokotoo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiipakia kaseti yenyewe, tuseme ile ya ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya kampuni ya Sinclair, unakutana na Maze Eater, Smash the Windows, Do Your Sums na wenzao 47, karibu yote yameandikwa kwa BASIC, lugha rahisi ya programu iliyokuwa ndani ya kompyuta hizo, michoro ya kuokoteza na mwendo wa kushtukashtuka.

Kaseti hiyo ndiyo babu wa kinachotathminiwa hapa: comp.sys.sinclair Crap Games Competition, mashindano ya magemu ya hovyo yaliyoanza 1996 kwenye comp.sys.sinclair, jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa kompyuta za Sinclair. Kila msimu watu hutuma magemu waliyoyaharibu kwa makusudi, mwenyeji huyacheza na kuandika tathmini ya kila moja, kisha hutangaza lililooza kuliko yote. Zawadi ya mshindi ni adhabu: yeye ndiye mwenyeji wa mwaka unaofuata, naye anakula chakula alichowapikia wenzake.

Kwa mwenye haraka: yanafaa kufuatiliwa, ni ya bure, na yatakufundisha utengenezaji wa gemu kuliko video nyingi za mafunzo, mradi uwe na subira. Lakini utamu wote umemwegemea jaji. Mwaka wenye jaji makini unasomeka kama gazeti la vichekesho. Mwaka wenye jaji aliyechoka unabaki orodha ya mafaili na neno "bovu" likijirudia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu kazi ya jaji: anapima nini, anapimaje, na anateleza wapi.

Mizani haigeuzwi tu kichwa chini

Kwenye mashindano ya kawaida kama Ludum Dare, ambako mshiriki wa kundi kuu hutengeneza gemu peke yake kwa saa 48 na washiriki hupeana alama wao kwa wao, vipengele vinajulikana: raha, ubunifu, michoro, sauti na kadhalika. Jaji mgeni wa magemu ya hovyo hudhani kazi yake ni kupindua tu mizani hiyo, raha sifuri iwe alama kumi. Ajaribu aone. Atatumiwa faili lenye mstari mmoja, 10 GO TO 10, skrini nyeupe isiyofanya lolote. Halina raha, halina michoro, halina sauti. Kwa mizani iliyopinduliwa hilo ndilo bingwa, na mwaka wa pili kila mtu atatuma la kwake kama hilo, na mashindano yatakuwa yameishia hapo.

Kinachopimika ni umbali kati ya ahadi na mzigo. Cassette 50 haikumbukwi kwa sababu magemu yake yalikuwa madogo. Magemu madogo ya BASIC yalichapishwa kila mwezi magazetini, msomaji akayaandika mwenyewe kwa mkono na hakuna aliyelalamika. Inakumbukwa kwa sababu ya tangazo: pale palichorwa vita vya angani, ndani pana alama tatu zinazosogea kwa zamu. Gemu la hovyo lililotengenezwa vizuri hufanya vivyo hivyo. Jina lake ni refu na la kujivuna, skrini ya kupakia imepambwa, maelekezo yanasimulia falme zilizoanguka, halafu mchezaji anabonyeza kitufe kimoja na mambo yamekwisha.

Hapo jaji anatenganisha mafungu matatu. Kuna ubovu uliokusudiwa na ukafanya kazi. Kuna ubovu wa ajali, mtu amejitahidi na mambo yakamshinda. Na kuna uvivu. Viwili vya kwanza vinaweza kushinda. Uvivu haushindi, hata kama skrini ya mwisho ya mvivu na ya fundi zinafanana, kwa sababu uvivu haukuahidi kitu.

Namna ya kulikagua gemu

Usitumie kompyuta ya zamani kwa raundi ya kwanza. Kaseti halisi huchukua dakika nne au tano kupakia gemu lililojaza kumbukumbu ya kilobaiti 48 (48K). Tumia emuleta, yaani programu inayoigiza Spectrum kwenye kompyuta ya leo. Fuse ni ya bure na inatosha: iweke kwenye mashine ya 48K, fungua faili la .tap (nakala ya kaseti) kwa F3, na usisome maelekezo kwanza. Gemu lichezwe mara tatu. Mara ya kwanza bila maelekezo, ili uone linajieleza lenyewe kiasi gani. Mara ya pili ukiwa umeyasoma. Mara ya tatu ukitafuta kulivunja: shikilia kitufe kimoja bila kuachia, nenda ukingoni mwa skrini, jibu swali la namba kwa herufi, bonyeza Enter bila kuandika kitu.

Jambo la kwanza la kuandika kwenye daftari ni kama gemu limejiwasha. Programu ya BASIC iliyohifadhiwa kwa SAVE "gemu" LINE 10 huanza yenyewe baada ya kupakiwa. Ikihifadhiwa bila LINE, inapakia, inaandika 0 OK, 0:1 chini ya skrini, na inakaa kimya mpaka uandike RUN. Wengi hulisahau hili, si kwa makusudi. Angalia maelekezo: kama mtunzi amelitaja, au amelifanyia mzaha, mpe alama, kama hakujua, ni ajali ndogo isiyochekesha. Ukipata R Tape loading error, gemu halijaingia mashindanoni. Mrudishie mtunzi mara moja, umpe nafasi ya kutuma faili jipya. Gemu lisilopakia ni faili lililoharibika, na faili lililoharibika halina kipaji chochote.

Baada ya mara ya tatu, lisimamishe kwa BREAK, yaani Caps Shift pamoja na Space, kisha andika LIST, uione mistari ya programu yenyewe. Hapa ndipo majaji wengi huishia njiani, na hapa ndipo nia inapoonekana. Kama gemu limekwama kwenye swali la INPUT, BREAK haisaidii; itakubidi uandike STOP, ambayo ni Symbol Shift na A, na kama swali ni la maneno, ufute kwanza alama ya nukuu ya mwanzo. Mtunzi anayejua kero hiyo na kuitegea ni wa kuogopwa.

Chukua mfano huu, ambao kwa sura yake tu ni jamaa wa karibu wa nusu ya Cassette 50:

10 LET x=15
20 PRINT AT 20,x;"A"
30 IF INKEY$="o" THEN LET x=x-1
40 IF INKEY$="p" THEN LET x=x+1
50 GO TO 20

Mistari mitano, kasoro tatu. Chombo, yaani herufi A, hakifuti kilipotoka, kwa hiyo kinaacha mstari wa A nyuma yake kama konokono. Nguzo za skrini ni 0 hadi 31. Ukishikilia p mpaka x ifike 32, gemu linakufa na ujumbe B Integer out of range, 20:1. Na INKEY$, inayosoma kitufe kilichobonyezwa, inatofautisha herufi ndogo na kubwa: Caps Lock ikiwashwa, hakuna kitufe kinachofanya kazi na mchezaji anadhani emuleta imeganda. Dawa ya kila kasoro ni fupi. Chapa nafasi tupu mahali pa zamani kabla ya kusogea. Ongeza AND x<31 kwenye mstari wa 40 na sharti linalofanana nalo kwenye wa 30. Weka POKE 23658,0 mwanzoni ili Caps Lock izimwe.

Sasa swali la jaji ni hili: mtunzi alijua? Kasoro zenyewe hazisemi. Kinachosema ni kilichozizunguka. Akiandika kwenye maelekezo kwamba chombo "kina teknolojia ya kukumbuka njia kilikopita", mkia wa A umekuwa mzaha. Akiandika kwamba upande wa kulia wa sayari "kuna ukuta usioonekana wenye hasira", ujumbe wa kosa umekuwa adui wa mwisho. Mistari ni ileile mitano, alama hazifanani hata kidogo.

Kasoro nyingine hazionekani kwa macho, na jaji asiyezijua hawezi kuzipa haki yake. Nzuri kuliko zote ni ya bahati nasibu. Kwenye Spectrum, RND, inayotoa namba za bahati nasibu, bila RANDOMIZE, amri ya kuzichanganya, huanza na mfululizo uleule kila mashine inapowashwa upya. Gemu la kete au karata lililosahau RANDOMIZE litatoa kete zilezile kwa mpangilio uleule kila ukilipakia kwenye mashine iliyotoka kuwashwa. Lipime hivi: bonyeza F5 kuizima na kuiwasha upya, pakia, andika matokeo matano ya kwanza, rudia. Yakilingana, umeipata. Gemu la ubashiri ambalo majibu yake hayabadiliki tangu dunia iumbwe, na mtunzi akalisifia kwa "bahati halisi ya kisayansi", ni almasi.

Nyingine ni ya GO SUB isiyo na RETURN. Mtunzi anaita sehemu ya programu kwa GO SUB, kisha anatoka kwa GO TO badala ya kurudi kwa RETURN. Kila mara anaacha baiti 3 kwenye rafu ya kumbukumbu. BASIC ya 48K ina takribani baiti 41,000 za kutumia, kwa hiyo inastahimili zaidi ya mara 13,000. Mzunguko mkuu ukipita mara 20 kwa sekunde, gemu linacheza vizuri dakika kumi na moja hivi, halafu linakata roho: 4 Out of memory. Jaji aliyecheza dakika tano hajaliona. Ukiona kwenye LIST kwamba kuna GO SUB nyingi na RETURN chache, acha gemu liendelee huku unakula.

Mwendo nao una saini yake. Ukikuta FOR n=1 TO 1000: NEXT n katikati ya mzunguko mkuu, huyo amekusudia; kitanzi hicho kitupu peke yake hula zaidi ya sekunde 4. Ukikuta BEEP 1,0 kila hatua, huenda hakujua kwamba BEEP husimamisha kila kitu mpaka sauti iishe, na kitufe kilichobonyezwa na kuachiwa katikati ya mlio hakisomwi. Ujumbe wa scroll? unaojitokeza maandishi yakifika chini, na mchezaji akibonyeza N gemu linakatika kwa D BREAK - CONT repeats, karibu kila mara ni ajali. Wajuzi huizuia kwa POKE 23692,255.

Rangi zisikuchukulie muda mwingi. Njano juu ya nyeupe haisomeki, kila mwaka lazima atokee mtu wa kuivumbua upya. Jambo moja tu ni la kukazia: skrini au ukingo unaomweka kwa kasi unaweza kumdhuru mwenye kifafa. Mwenyeji adai onyo mbele ya gemu la aina hiyo, na lisilo na onyo lisichapishwe. Hapo hakuna mzaha.

Alama

Mgawanyo unaofanya kazi ni huu, kwa jumla ya 100. Umbali kati ya ahadi na kilichomo, 40. Kichekesho, 25. Ubovu unaodumu, 20. Maelekezo, 15.

Kichekesho hakihitaji ufafanuzi: umecheka au hukucheka, na ukilazimika kujishawishi, hukucheka. Maelekezo yamepewa fungu lake kwa sababu ndiyo kitu cha bei nafuu kuliko vyote kukifanya vizuri, na watu bado hukosa. Ubovu unaodumu ndicho kipengele kigumu. Gemu linalochosha sekunde ya kwanza halijakupa chochote cha kusimulia. Gemu linalokuvuta dakika tatu ukitumaini kwamba mbele kuna levo ya pili, kisha likakuonyesha kwamba haikuwepo kamwe, limefanya kazi ngumu. Mpe 20 yule aliyekufanya ujaribu tena ukijua kabisa hakuna kitu.

Kabla ya kuanza msimu, jaji apime mizani yake kwa magemu mawili yanayojulikana, kama mwenye duka anavyojaribu mawe ya mizani. La kwanza ni Desert Bus, lililokuwa sehemu ya mkusanyo wa Penn & Teller uliokusudiwa kutoka 1995 lakini haukufika madukani. Unaendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas kwa muda halisi, saa 8, mwendo hauzidi maili 45 kwa saa, hakuna kusimamisha gemu, na basi linavuta kulia kidogo kwa hiyo huwezi kufunga kitufe kwa kamba ukaenda kulala. Ukifika unapata pointi 1. Ukitoka barabarani unakokotwa kurudi ulikoanzia, na hiyo safari nayo ni ya muda halisi. Hapo kila maudhi yamepimwa kwa rula. La pili ni Big Rigs: Over the Road Racing la 2003, lililouzwa madukani kwa nia safi. Malori ya wapinzani hayaondoki kwenye mstari wa kuanzia, lori lako linapita ndani ya nyumba na kupanda kilima kama tambarare, ukirudi kinyumenyume mwendo unaongezeka bila kikomo, na ukimaliza unapewa kikombe kilichoandikwa YOU'RE WINNER ! Ukiona mizani yako inatoa sifuri kwa moja kati ya hayo, irekebishe. Moja ni bovu kwa hesabu, la pili kwa ajali, na yote mawili yanatimiza kitu ambacho 10 GO TO 10 haiwezi.

Mashine za kukata majani

Onyo kwa anayetaka kushiriki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gazeti la Your Sinclair lilifanya mzaha kwa gemu liitwalo Advanced Lawnmower Simulator, ambalo baadaye lilitolewa kweli kwenye kaseti ya gazeti. Unabonyeza M, mashine inakata majani. Hicho ndicho kitufe na hilo ndilo gemu. Mzaha ulikuwa mtamu kwa sababu zama zile kila kampuni iliuza gemu lenye neno Simulator kwenye jina. Tangu hapo mashindano haya yamepokea mashine za kukata majani za kila aina, na jaji anayezijua hacheki tena. Kama lazima utume la kwako, liwe na sababu ya kuwepo zaidi ya kwamba wengine walituma.

Kosa jingine la washiriki ni kuharibu kila kitu kwa pamoja. Vitufe vya ajabu, rangi zisizosomeka, mlio wa kuchoma masikio, mwendo wa kobe, vyote kwenye gemu moja: mchezaji hajui acheke lipi, anafunga. Chagua ubovu mmoja uukuze, mengine yaache yawe ya kawaida. Vitufe viwe Q, A, O, P vilivyozoeleka, herufi zisomeke, gemu lijiwashe. Ubovu wako utaonekana kama doa la mafuta kwenye kanzu nyeupe.

Mashindano yenyewe yana kasoro gani?

Kubwa kuliko zote imetokana na zawadi. Kwa kuwa mwenyeji hubadilika, kanuni nazo hubadilika, na anayetaka kulinganisha mabingwa wa miaka miwili analinganisha ladha za watu wawili. Kumbukumbu pia zimetawanyika, kila mwaka na mahali pake. Ukipata gemu linalokupendeza, lihifadhi siku hiyohiyo pamoja na maelekezo yake, kwa kuwa bila maelekezo nusu ya mzaha inapotea.

Tatizo la pili ni la mgeni. Mizaha mingi ni ya mtu aliyekulia Uingereza na televisheni ya miaka ya 1980, na gemu zima linaweza kutegemea jina la mtangazaji usiyemjua. Magemu hayo yaruke. Yale yanayocheka mashine yenyewe, kelele za kupakia, rangi zinazogombana ndani ya kisanduku cha pikseli 8 kwa 8, hayo hayahitaji pasipoti, na aliyewahi kukazia mkanda wa kaseti kwa kalamu atayaelewa mara moja.

Kwa mwanafunzi wa programu haya ni mashindano mazuri kuanzia. Hakuna anayekucheka kwa kutojua, gemu la mistari thelathini linapokelewa, na linapata kusomwa kwa makini kuliko kazi nyingi nzuri zinavyosomwa kwingine. Alama zangu kwa mashindano: 8 kati ya 10, zikishuka hadi 5 mwaka ambao mwenyeji hafungui LIST.

Kushiriki, andaa faili moja la .tap lililojaribiwa kwenye mashine iliyotoka kuwashwa, picha moja ya skrini inayodanganya, na maelekezo yasiyozidi ukurasa. Soma kanuni za mwenyeji wa mwaka huo, si za mwaka jana. Kisha kabla ya kutuma, tazama ratiba yako ya mwaka ujao, maana ukishinda, yote haya yanahamia kwako.